Mwaka wa Kamba Moja

Walipoanza kushusha jeneza la Tusekile, vijana wanne walizishika kamba kwa mikono mitupu, wakawa wanaziachia kidogo kidogo, na mimi huku nyuma, kikongwe niliyeketishwa kwenye kiti cha plastiki kama mgeni rasmi, nikajikuta nimekunja ngumi zote mbili. Nilikuwa nimeshika hewa. Niliishika kwa nguvu zangu zote, na nguvu zangu zote siku hizi hazitoshi kufungua chupa ya soda, lakini naapa saa ile ningeweza kulizuia lori. Binti yake, Subilaga, ambaye sasa naye ni bibi wa watu, aliniona. Alingoja mpaka watu wamekula, masufuria yameanza kugongana kwenye maji, ndipo akaja kukaa karibu yangu akaninong'oneza: "Mama mkubwa, watu wananitupia maneno tangu nikiwa mdogo. Ni kweli mama ndiye aliyemwachia baba lori?" Swali la maisha yake yote, na mtu aliyepaswa kuulizwa tumemzika muda si mrefu. Pale nilimjibu kwa kifupi. Hapa namjibu kwa kirefu.

Mimi ni Nanyinza, Mnamwanga wa Tunduma, na habari za ukoo wangu ziishie hapo, la sivyo tutalala hapahapa. Mwaka ninaousema ni mmoja wa ile ya mwisho mwisho ya Mwingereza, wakati Tunduma yenyewe ilikuwa maduka machache na geti la mpakani ambalo mbuzi walipita bila kuulizwa. Nilikuwa binti mwenye kiuno na mdomo, na nilikuwa nimepanda milima ya Ileje kufungua hoteli ya chai. Niliita hoteli, mwenye wivu angeiita kibanda. Kuta zilikuwa za matete yaliyokandikwa udongo upande mmoja tu, maana udongo uliniishia, paa la nyasi, meza mbili, benchi moja refu ambalo ukikaa mwisho wake mwenzako wa mwisho wa pili anainuka juu. Nyuma ya kiambaza cha matete ndipo palipokuwa jiko. Chai yangu ilikuwa nzito mpaka kijiko kilisimama chenyewe kikingoja kuambiwa keti. Lakini sifa ya hoteli ile haikuwa chai. Sifa yake ni kwamba ilikuwa juu ya Mteremko wa Sabuni. Madereva ndio waliopabatiza hivyo. Ulikuwa udongo mwekundu, laini, na ikinyesha hata kuku alishuka kwa makalio. Malori yaliyokuja kuchukua kahawa na maharage ya kule Mbebe yalinasa pale kila masika, na dereva aliyenasa hunywa chai. Mungu anisamehe, nilikuwa nikiomba mvua.

Tusekile alikuwa mke wa Ambakisye, mtoto pekee wa kiume wa Mzee Kibona, na alikuja kunisaidia kukanda maandazi huku Subilaga, mwenye umri wa kukimbiakimbia na kuangusha vitu, akicheza chini ya meza. Ndiye aliyenivuta pia kwenye darasa la jioni la misheni, ambako tulijifunza kusoma kwa taa ya chemli yenye moshi hata herufi tulizitambua kwa kukohoa. Alikuwa mtu wa kucheka. Jambo moja tu halikumchekesha, nalo lilikuwa ndilo lililonichekesha mimi kuliko yote: baba mkwe wake. Kwa Wandali, wenyeji wa milima ile, siku zile mke wa mtu haonani na baba wa mume wake. Hamtazami, halitaji jina lake, hapiti njia anayopita. Mzee naye hamtaji. Mzee Kibona alikuwa muungwana, alipokaribia hoteli aliigonga fimbo yake kwenye mawe ili mkwe apate nafasi ya kupotea, na Tusekile alipotea kweli. Siku moja alipotea na sinia la maandazi yangu, akajificha nalo kwenye migomba mpaka mzee alipomaliza chai yake taratibu, na wateja wengine wakakaa wakimeza mate. "We Tusekile," nikamwambia, "angalau ungeniachia sinia." Akaniambia hakujua kama alikuwa ameshika sinia. Alipoisikia fimbo, miguu ilikwenda. Sisi Wanamwanga tunaheshimu wakwe, lakini si kwa kukimbia na maandazi ya watu.

Kwa sababu ya desturi hiyo, malori ya Mteremko wa Sabuni yalivutwa kwa kamba mbili. Wenyeji walizisokota wenyewe kwa katani, moja ikafungwa upande wa kulia wa gari, ya wanaume, nyingine kushoto, ya wanawake. Nilipouliza kwa nini watu wajisumbue kusokota mara mbili, Tusekile alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini nguo huvaliwa. "Mkishika kamba moja," alisema, "mmeshikana mikono. Hata mmoja awe mwanzo na mwingine mwisho." Nikacheka. Nilicheka sana mwaka ule, mpaka nusu yake.

Dereva aliyenasa zaidi ya wote alikuwa Simbeye, kaka yangu wa Tunduma kwa ujirani, ambaye alichukua tabia ya watu wa ng'ambo ya geti ya kumwambia kila mtu "mukwai" kwa heshima, hata ng'ombe waliomzuia njiani. Aliendesha lori la tajiri mmoja wa kwetu, lori kubwa kama kanisa, na kelele zake za gia zilisikika mpaka Nyasaland. Siku moja mwanzoni mwa mvua aliingia hotelini na furushi begani, akalibwaga mezani, meza ikapiga magoti. Ambakisye alikuwa amekaa kwenye benchi. Yeye ndiye aliyeaminiwa kuweka gogo: watu wakivuta mbele, mtu mmoja huwa nyuma ya gari, na kila gurudumu likisogea husukumia gogo chini yake ili lisirudi. Akipaza sauti "Bado!" maana yake gogo halijakaa, msiachie hata kidole. Akisema "Tayari!" watu wanapumua. Mimi na Tusekile tulikuwa jikoni, na matete hayakuwahi kuzuia neno.

"Nini hii, bwana dereva? Umemuua chatu?"

"Kamba, mukwai. Kamba yenyewe sasa. Shika."

"Nene kama mguu wa mke wako."

"Mke wangu umemwona wapi?" Wakacheka. Benchi likalia. Kisha Simbeye akaanza hadithi ya alivyoichagua, na ukimsikiliza ungedhani alikuwa akichagua askofu. Mnyororo ulikuwa umemshinda tangu mwaka uliopita. Pingili moja ilikatika ikaruka ikamkuta mbuzi wa watu, na mbuzi yule alikufa bila kujua amegombana na nani. Waya wa chuma nao ulikuwa mzuri kwa gari kuvutwa na gari. "Lakini huku gari la pili liko wapi? Gari la pili ni nyinyi. Na waya ukianza kutoka nyuzi unachana viganja kama msumeno." Basi alizunguka maduka yote ya Tunduma akishika kamba. Kila kamba aliifumua kidogo aone ndani, maana katani huoza kuanzia moyoni huku nje inang'aa. Aliinusa, iliyowahi kukaa unyevuni hunuka uyoga. Aliiloweka, kwa sababu kamba kavu ni laini na ina maneno mazuri, ikilowa ndiyo unaijua tabia yake. Mwisho aliifunga kwenye nguzo ya duka akawaita wapagazi waivute, na nguzo ndiyo iliyosalimu amri. Mwenye duka bado alikuwa anamtafuta.

"Nzuri," Ambakisye akasema. "Ya pili iko wapi?"

"Hakuna ya pili."

Simbeye akashusha sauti, na sisi jikoni tukaacha kupumua ili tusikie. Alisema kamba mbili ndizo zinazomponza. Wanaume wanavuta kwa nguvu kuliko wanawake, pua ya gari inageukia korongoni. Safari iliyopita gurudumu la kulia lilikuwa linaning'inia juu ya vichaka na yeye alikuwa ameshaanza kusali. Kamba moja, iliyofungwa katikati ya chasisi, inavuta gari moja kwa moja. Na alisema kweli. Mpaka leo, baada ya kuona malori mengi kuliko nywele zangu, sijapata kosa katika maneno yale.

"Na baba yangu je?" Ambakisye aliuliza.

"Baba yako ni mzee, mukwai. Akae pembeni atuimbie."

"Baba akiimba hata lori lisilonasa litanasa." Wakacheka tena, na katika kicheko kile mambo yakakubaliwa: wanawake washike mbele, wanaume nyuma, katikati pabaki wazi, na wazee wenye wakwe wasiguse. Ambakisye akasema ukoo wake atazungumza nao yeye mwenyewe. Tusekile alikuwa ameshikilia andazi kwenye kijiti, halijaingia kwenye mafuta wala halijarudi kwenye unga. "Hapo katikati," akaniuliza, "atasimama nani?" Nikamwambia, "Hakuna mtu. Si wamesema pabaki wazi?"

Na iliwezekana. Hilo watu hulisahau. Masika yale lori lilivutwa kwa kamba moja tena na tena, likapanda limenyooka kama bwana harusi, wanawake mbele wakiimba, wanaume nyuma wakiguna, Mzee Kibona na wazee wenzake wamekaa juu ya kijiwe cha mbali wakitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Ile kamba ilisifiwa. Watoto waliitungia wimbo. Kamba za zamani zikafanywa za kufungia ndama.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, na mvua ilikuwa ile ya Ileje ambayo hainyeshi bali inakaa, imekaa juu ya mlima kama mgeni asiyejua kuaga. Lori lilikuwa limepakia maharage ya kulisha Tanganyika nzima na watu wa ng'ambo wakabakiziwa. Likanasa katikati ya mteremko, pua juu, mkia chini. Niliacha sufuria motoni nikaenda kushika, maana hata mwenye hoteli alishika. Nilikuwa karibu na ncha ya mbele. Tusekile alikuwa wa mwisho kati ya wanawake, amejifunika gunia kichwani kwa ajili ya mvua, na nyuma yake ile nafasi wazi, kisha wanaume. Mzee Kibona hakuwapo. Alikuwa ameondoka siku chache nyuma kwenda msibani Ikinga, na kila mtu alijua yuko Ikinga. Tukavuta, Ambakisye akasema "Tayari," tukapumua. Tukavuta tena. Udongo uliteleza, magurudumu yakazunguka bure, na tukaanza kuhisi lori linatuvuta sisi. Nyuma kule sauti ya Ambakisye ikaja, "Bado! Bado!"

Mzee alitokea kwenye kinjia cha upande wa juu, amelowa, fimbo mkononi, kumbe ndiyo anarudi kutoka Ikinga. Aliona watu wanaburuzwa. Aliisikia sauti ya mwanawe iko nyuma ya gari. Nimewauliza wanaume wengi tangu siku ile, ni baba gani angesimama pembeni? Alitupa fimbo, ile ambayo siku zote ilitangulia kusema anakuja, akaingia palipokuwa wazi, akaishika kamba nyuma ya mwanamke aliyejifunika gunia. Na akapaza sauti kama watu wote wavutao: "Haya, vuteni!"

Sauti ile ilimpata Tusekile kisogoni. Subilaga, soma hapa polepole. Mama yako hakuamua. Mkono ukigusa chungu cha moto huwa hauulizi, na miguu yake ilikuwa imefundishwa tangu siku ya harusi. Aliachia akaruka kichakani, na nyuma yake wakaruka wote walioolewa na wana wa ndugu zake mzee, maana wote ni wakwe, na sehemu ya mbele ya kamba ikawa tupu. Tulibaki mimi na wageni wachache. Kamba ikaanza kukimbia. Haikuchomoka, ilipita ndani ya viganja vyangu kama imewashwa moto, na sikuiachia, si kwa ushujaa, vidole vilisahau namna ya kufunguka. Nilimwona mzee amelala chali kwenye matope, bado ameshika, anaburuzwa pamoja na wanaume. Nikasikia "Bado" mara moja tena, ndogo, kama mtu aliyesemeshwa akiwa na shughuli. Kisha lori likasimama lenyewe chini ya mteremko, na mvua ikawa ndiyo kelele pekee.

Sitaandika tulivyomtoa Ambakisye. Tulimzika, watu wakala viazi na maharage yaleyale, na ile kamba ikabaki kwenye nyasi mbele ya hoteli yangu. Hakuna aliyeigusa. Simbeye aliondoka bila hiyo na akakaa muda mrefu bila kurudi. Watu walioingia kunywa chai walipita mbali nayo, kama mtu anavyopita mbali na mlango wa nyumba yenye ugonjwa, na mvua iliendelea kuinyeshea. Asubuhi nikifungua mlango ndiyo niliyoiona kwanza. Ilikuwa palepale na ilionekana kama imesogea.

Tusekile alirudi kwangu baada ya siku za matanga, kwa sababu kule nyumbani hakuna aliyemsemesha. Alifanya kazi kuliko awali. Gari likisikika mbali likibadilisha gia, chochote alichoshika kilianguka. Alinivunjia vikombe vyote vya kauri nikawa nawapa wateja chai kwenye makopo, na nikaapa mbele yao kwamba ndio mtindo mpya wa Ulaya. Kulikuwa na jambo baya zaidi. Watoto wa pale walicheza kujificha, na anayetafuta huuliza "Tayari?" na waliojificha hujibu "Bado!" Subilaga alikuwa ameanza kulijua neno hilo. Alijificha nyuma ya jiko akipaza kale kasauti kake, "Bado!", na Tusekile alitoka mbio mikono imejaa unga, akasimama nje, anatazama mteremko, na haukuwa na kitu. Kisha alirudi akaniuliza swali lilelile. "Nanyinza, wewe uliposhika, ulihisi nini?" Nilimwambia niliyoyahisi. Kesho yake akauliza tena.

Maneno yalisemwa hotelini kwangu, mezani kwangu, huku yeye akiwa nyuma ya matete. Aliyeyasema alikuwa dada yake Mzee Kibona, Shangazi tulimwita sote, mwanamke mrefu aliyempenda Ambakisye kuliko watoto wake mwenyewe.

"Aliachia kamba."

"Angefanyaje, Shangazi?" mmoja wa wanawake akasema. "Hata mimi niliachia."

"Wewe mume wako yuko nyumbani anavuta tumbaku. Yeye mume wake alikuwa nyuma ya gari. Angevumilia."

"Angevumilia mngesema hana adabu."

"Bora hana adabu, mtoto wangu yuko hai!" Kikombe cha kopo kikagongwa mezani. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulala na jambo, akasema uamuzi wa ukoo: mvua zikiisha na njia ikikauka, mwanamke arudishwe kwao, mtoto abaki. Nilichungulia jikoni. Tusekile alikuwa amemshika Subilaga katikati ya magoti yake, anamsuka nywele, na vidole havikusimama. Ila alikuwa anasuka, anafumua, anasuka palepale. Mtu pekee aliyeweza kuubatilisha uamuzi ule ni mzee, na mzee hakusema lolote. Angesemaje? Jina la mkwe wake hakuwa amewahi kulitamka. Alikuja kunywa chai, aligonga fimbo yake, Tusekile alipotea, na mzee alikaa akitazama kopo. Watu wawili waliokuwa na jambo moja la kuambiana kuliko watu wote duniani, na kila siku mmoja anafika pale mwenzake anapotokea mlango wa nyuma. Mimi niliyekuwa nikisema mpaka masikio ya watu yanaomba likizo, nikageukia birika. Nilitia chai tu.

Simbeye alirudi mvua zikiwa zinaelekea ukingoni, amekonda, hata "mukwai" yake imepungua. Lori likanasa palepale, kama lililokuwa na ahadi. Akaja hotelini na kamba mpya mbili, zinazolingana, na mnyororo juu yake, akavilaza vyote kwenye nyasi. Watu walikuja na majembe yao lakini hakuna aliyeinama kushika. Simbeye akauliza achague ipi. Watu wakatazamana, kisha wote wakamtazama Mzee Kibona. Ikaeleweka bila kusemwa kwamba mwenye msiba ndiye atakayechagua, na atachagua zile mbili, mambo yarudi yalivyokuwa, na mwanamke arudishwe kwao kama yalivyosemwa.

Mzee alizitazama zile mbili. Alizivuka. Akaenda kwenye nyasi ndefu akainama, akaivuta ile kamba, ikatoka nzito, imeshika udongo na mizizi, mita kwa mita, na watu wakarudi nyuma. Aliipangusa kwa viganja. Akafumua sehemu moja akatazama moyo wake, akainusa, akafumua nyingine mbele zaidi. Alichukua muda mrefu. Mtoto alikohoa, mama yake akamziba mdomo. "Nzima," mzee akasema, akampa Simbeye ncha. "Funga." Simbeye alifunga chini ya gari, akafungua, akafunga tena.

Mzee akaenda katikati ya kamba, akaishika, akageuza uso kuelekea hotelini kwangu. Kisha akasema, "Tusekile."

Nyuma yangu jikoni kitu kilianguka. Alikisema tena kile kitu ambacho baba mkwe hasemi, polepole, kama anajifunza kukisoma: "Tusekile. Njoo ushike hapa mbele yangu."

"Kaka, umerukwa na akili?" Shangazi akapiga ukelele. "Mbele ya watu!"

"Nilikuja kushika siku ile bila fimbo," mzee akamjibu, hakumtazama. "Mtu akija bila fimbo mkwewe anakimbia. Wewe ungekimbia. Ulikimbia maisha yako yote mpaka baba mkwe wako alipokufa, na sisi tulijisifia kwamba dada yetu ana heshima." Akaikaza kamba mikononi. "Njoo, mwanangu. Nimechoka kukungoja hapa katikati."

Alitoka. Unga ulikuwa umempanda mpaka kwenye viwiko. Alipita karibu yangu na sikuona kama anapumua, akaenda akasimama mbele ya mzee, mgongo umemwelekea, akaishika kamba. Niliingia mbele yake, na wale wanawake wengine, mmoja mmoja, wakaja. Hakuna aliyeimba. Mpwa wa mzee alikwenda nyuma na gogo. Tulivuta, gari likasogea, likateleza, na kutoka nyuma, kwa kuwa ndiyo kazi na hakuna neno lingine la kazi ile, mpwa akaita: "Bado!"

Nilihisi kamba inatetemeka. Ilitoka kwenye mikono ya Tusekile ikaja kwenye yangu, ikanipanda mpaka kwenye meno. Nyuma yake mzee alikuwa analia kwa sauti, kama mtoto, na sauti yake ilikuwa kisogoni kwake palepale. Nikangoja kamba iwe nyepesi. "Bado!" Mpwa aliita tena, na mimi nilikuwa nasema moyoni, Tusekile, Tusekile, na kamba ilibaki nzito. "Tayari!" Tukapumua. Tukavuta tena, na tena, na lori likafika juu mbele ya hoteli yangu, Simbeye akazima injini, akalaza kichwa kwenye usukani.

Watu waliachia. Wao wawili ndio walikuwa wa mwisho, hakuna aliyetaka kutangulia. Halafu mzee akajifuta uso kwa bega na kusema, kwa ile sauti ya kawaida ya mwanamume aliyefanya kazi mchana kutwa, "Mwanangu, nenda nyumbani ukapike. Leo nitakula kwako. Ndizi, na chumvi usizidishe." Tusekile alibaki amesimama, mgongo kwake. Shangazi aliangalia huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu kwenye nyasi, na sote tukamwona anageuka anaelekea msituni. Alikwenda kukata kuni za kupikia.

Kesho yake fimbo iligonga mawe na Tusekile akapotea, na ikawa hivyo mpaka mzee alipokufa. Jina lile hakulitamka tena. Lakini jioni ile nilikuwapo, maana nilimsindikiza mama yako kumenya ndizi. Mkwe hawezi kumpelekea baba mkwe chakula kwa mkono wake, lazima awepo mtoto. Sahani ulipeleka wewe, Subilaga. Uliibeba kwa mikono miwili kuvuka uwanja, ulimi nje, mimi, mama yako na Shangazi tukikuchungulia mlangoni, na babu yako amekaa upande wa pili anangoja. Ndizi moja ilianguka njiani. Uliweka sahani chini, ukaiokota, ukaipangusa kwenye gauni lako, ukaila yote. Kisha ukainyanyua sahani, ukaendelea kwenda.